Nkoaranga: Usiku mmoja wa mgeni na shamba la mwenyeji

MSAFIRI anayetua jioni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ulaya huwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kitanda. Amekaa angani saa nane au zaidi. Gari linamchukua kuelekea Arusha, anapita Usa River na Tengeru gizani, analala, na asubuhi saa mbili amekwisha kuondoka kwenda Tarangire, Ngorongoro au Serengeti. Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ambao amelala chini yake, pengine hakuuona kabisa kwa sababu ya mawingu.

Kilomita chache juu ya barabara hiyo, ukipanda kaskazini, ndiko iliko Nkoaranga. Ni mahali pa migomba na kahawa, mifereji inayopitisha maji kando ya njia, kanisa la Kilutheri na hospitali yake, na baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hujutia kutobeba sweta. Gari la watalii likisikika huko, watoto bado wanatoka kuangalia.

Swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa ukanda huu wamekuwa wakiulizana kwa miaka mingi ni hili: usiku ule mmoja wa mgeni unaacha nini huku juu? Wapo wanaojibu kwa kujenga vyumba vya kulala wageni. Wapo wanaouza kipande cha kihamba ili kupata fedha za kujengea. Makala haya yanaomba mkulima asubiri kidogo na apige hesabu kabla hajachukua jembe kung'oa mibuni.

Kabla ya hesabu, tuutazame mji mmoja wa mbali ambao umeishi kwa kulaza wasafiri muda mrefu kuliko sisi. Unaitwa Andermatt, uko katika milima ya Alps nchini Uswisi, mita 1,400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo unalingana na wa vijiji vyetu vya miteremko ya Meru, kwani Mulala iko yapata mita 1,450. Tofauti ni kwamba kule theluji hufunga njia miezi kadhaa, na sisi theluji tunaiona kwa mbali, Kilimanjaro.

Andermatt ipo karibu na njia ya Gotthard, ambayo tangu enzi za kale watu na mizigo walipitia kutoka kaskazini mwa Ulaya kwenda Italia. Kilele cha njia hiyo kiko mita 2,106. Farasi hachezi na mlima wa namna hiyo, hivyo msafiri alilazimika kupumzika. Mji ulikuwa na nyumba za wageni, watu wa kukodisha farasi, mafundi wa magari ya kukokotwa, na wakulima waliouza maziwa, jibini na nyasi kavu. Wote walikula kwa sababu mlima ulimlazimisha mtu kusimama.

Mwaka 1882 reli ya Gotthard ilifunguliwa. Handaki lake lenye urefu wa kilomita 15 lilichimbwa kutoka Göschenen hadi Airolo, na likapita chini ya bonde lenyewe la Andermatt. Treni ikawa inapita chini ya miguu ya wenye nyumba za wageni, abiria wakiwa wamekaa wanasoma magazeti, hakuna hata mmoja anayehitaji chumba wala farasi. Mwaka 1980 likafunguliwa handaki la magari, na mwaka 2016 handaki jipya la reli la kilomita 57 lililo chini zaidi. Kila mara aliyeamua hakuwa mtu wa Andermatt.

Kwa miongo mingi baada ya hapo mji ulitegemea zaidi jeshi la Uswisi, lililokuwa na kambi na viwanja vya mazoezi pale. Jeshi nalo likaanza kupunguza shughuli zake. Safari hii mwekezaji aliyekuja alitoka barani kwetu. Samih Sawiris, tajiri wa Misri, alikuja na mpango wa hoteli, nyumba na viwanja vya michezo ya theluji. Wakazi waliupigia kura mwaka 2007 na kuukubali, na hoteli kubwa ya kwanza ikafunguliwa Desemba 2013. Ilibidi serikali ya Uswisi itoe kibali maalumu, kwa sababu sheria ya nchi hiyo huwabana wageni kununua nyumba za mapumziko. Msomaji anayedhani ni Tanzania peke yake inayolinda ardhi yake dhidi ya mgeni ajue kuwa hata matajiri wa Ulaya wanalinda.

Lakini jambo lililonivutia zaidi si hoteli ya Mmisri. Ni kwamba katika miaka yote hiyo ya kupata na kukosa wasafiri, ng'ombe wa bonde lile waliendelea kupanda malishoni kila kiangazi. Malisho ya juu ni mali ya ushirika wa wenyeji unaoitwa Korporation Ursern, ambao ni wa karne nyingi. Hakuna aliyeweza kukata kipande cha malisho akajenge baa kwa sababu tu msimu mmoja magari ya wageni yalikuwa mengi. Wasafiri walipopotea, maziwa yalibaki.

Turudi Nkoaranga.

Sisi nasi tuna "mahandaki" yetu, ingawa hayapiti chini ya ardhi. Barabara ya mchepuko ya kilomita 42 imejengwa kusini mwa Jiji la Arusha, na dereva anayetoka upande wa Usa River kwenda mbugani halazimiki tena kupenya foleni za mjini. Ndege ndogo huwachukua watalii na kuwashusha Seronera, katikati ya Serengeti, bila gari lao kukanyaga vumbi. Siku ratiba ya ndege za Ulaya ikibadilika zikatua asubuhi badala ya jioni, usiku mmoja wa Usa River unaweza kufutika kwa uamuzi wa ofisi iliyoko maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Na hatujasahau mwaka 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5. Ulipoingia ugonjwa wa korona, ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili 2020, zikaruhusiwa tena Mei 18, na hadi mwaka unaisha idadi ilikuwa takriban 620,000 tu. Mwaka 2023 ilipanda hadi milioni 1.8. Takwimu za kupanda zinafurahisha, ila aliyekuwa na mkopo wa benki mwaka 2020 hakuweza kumlipa ofisa mikopo kwa takwimu za mwaka 2023.

Tupige sasa ile hesabu. Bei zinazofuata ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme mkulima anakopa shilingi milioni 15 na kujenga chumba kimoja kizuri chenye choo ndani na maji ya moto, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 2,700,000. Chumba anakikodisha kwa 40,000 kwa usiku, na kwa bahati kinapata wageni usiku 90 katika mwaka. Hiyo ni 3,600,000. Toa shilingi 10,000 kila usiku za chai ya asubuhi, sabuni, shuka na mfanyakazi, jumla 900,000. Zinabaki 2,700,000, yaani riba yenyewe. Mkulima amefanya kazi mwaka mzima, amepoteza mibuni iliyosimama pale, na deni la milioni 15 liko vilevile. Na hizo siku 90 hazipatikani Aprili wala Mei, wakati wa masika, ambapo hoteli kubwa za barabarani zenyewe hupunguza bei.

Upande wa pili wa hesabu ni kumwacha mgeni alale kule chini alikolala siku zote, ila asubuhi yake au alasiri yake ipite kwenye shamba lako. Watalii wengi huwa na nusu siku isiyo na kazi: aliyefika mapema kabla ya kupanda mlima, au aliyerudi kutoka mbugani mchana na ndege yake ni ya usiku. Nusu siku hiyo ndiyo kituo kifupi chenyewe, na kuiuza hakuhitaji tofali hata moja.

Jambo hili si geni katika ukanda wetu. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni katika vijiji kadhaa vya kaskazini, na baadaye Bodi ya Utalii ikaendelea kuuratibu. Ng'iresi, upande wa Waarusha, ni miongoni mwa vijiji hivyo. Mulala, katika miteremko hii hii ya Wameru, kikundi cha wanawake cha Agape kilijulikana kwa kuwatembeza wageni na kuwaonyesha utengenezaji wa jibini. Utaratibu wa msingi ulikuwa kwamba sehemu ya ada inaingia kwenye mfuko wa kijiji, ili hata jirani asiye na mgeni aone shule au zahanati ikinufaika. Penye utaratibu huo mgeni hatupiwi maneno njiani. Penye ujanja wa mtu mmoja, njia ya kupita inaweza kufungwa kwa mwiba.

Jibini ni mfano mzuri wa kinachowezekana. Kwa kawaida lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini. Mama mwenye ng'ombe wawili wa kisasa anaowalisha ndani kwa mabingobingo na vigogo vya migomba anajua wiki ambazo maziwa ni mengi na mnunuzi anashusha bei. Jibini huvumilia kuliko maziwa, na jiko la hoteli hulihitaji wageni wawepo au wasiwepo kijijini kwako. Sharti ni usafi na ubora usiobadilika. Mpishi akipokea jibini zuri Jumatatu na lenye ukakasi Alhamisi, Ijumaa hapigi simu.

Kahawa nayo. Mkulima wa Meru amezoea kuipeleka chama cha msingi ikiwa ya maganda, na kusubiri malipo. Kilo moja ya kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa kama gramu 800 za kahawa safi, na ikikaangwa hupungua tena kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Unabaki na gramu 650 hivi, yaani pakiti mbili za gramu 250 na kiasi cha kumpikia mgeni kikombe. Tuseme pakiti moja inauzwa 10,000. Kilo ile ambayo chama kingeilipa, kwa mfano, 5,000, imetoa 20,000 kabla ya kutoa kuni, mifuko na jasho la kutwanga. Sisemi shamba zima lifanyiwe hivyo, kwa sababu wageni wa kununua gunia zima kwa pakiti hawapo. Debe mbili tatu zinatosha kuanzia, nyingine iende chamani kama kawaida. Na kabla ya kuuza pakiti ya kwanza nenda kaulize leseni Bodi ya Kahawa, Moshi, maana biashara ya kahawa ina sheria yake.

Bahati nyingine ni msimu. Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na kahawa ya huku huiva na kuchumwa katikati ya miezi hiyo na kuendelea. Mgeni anaweza kuchuma mbivu nyekundu kwa mkono wake, akazungusha mashine ya kumenyea, akaona zinavyolowekwa na kuanikwa, kisha akanywa za mwaka jana. Amelipia kukusaidia kazi! Nimeona wazee wakicheka kuhusu hilo hadi machozi.

Wenzetu wa Alps upande wa Italia wameliwekea jambo hili mpaka wa kisheria. Sheria ya mwaka 1985 ya utalii wa mashambani ilimruhusu mkulima kupokea wageni, kuwalisha na kuwalaza, kwa sharti kwamba kilimo kiendelee kuwa shughuli kuu na wageni wawe nyongeza. Mtu hawezi kuiacha ardhi imee magugu huku akijiita mkulima mwenye vyumba. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hakuna anayemkataza mtu kujiwekea kanuni hiyo nyumbani kwake.

Ardhi ya Wameru, ikumbukwe, haikupatikana kirahisi wala haitoshi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi mashamba ya mifugo, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuieleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Leo hakuna mlowezi anayekuja na bunduki. Kinachokuja ni kugawa kihamba kwa wana watano, kisha mmoja anauza robo eka yake kwa mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba yenye upepo mzuri. Robo eka ikishazungushiwa ukuta, mibuni yake imekwisha.

Historia ya wageni kwenye miteremko hii nayo ina mengi. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali kwa watu na mifugo. Misheni ya Leipzig ilirudi mwaka 1902 na kuanzisha kituo Nkoaranga. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaja Wapolandi. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi kupitia Uajemi, waliwekwa kambini Tengeru kusubiri vita iishe. Walikuja kwa kituo kifupi, na baadhi wakakaa karibu miaka 10. Walikuwa na shule, kanisa, sinagogi na shamba lao. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, na watu wenye asili ya Poland husafiri kuja kuyaona. Mtu aliyevuka bahari kutafuta kaburi la bibi yake hana haraka ya kuondoka. Kijana wa huku anayeifahamu habari hiyo vizuri, kwa ukweli wake na bila chumvi, ana kazi ya kuongoza wageni ambayo wengi hatuifikirii.

Hata hivyo, mgeni wa uhakika kuliko wote wa Nkoaranga hatoki Ulaya. Ni ndugu wa mgonjwa. Hospitali huhudumia watu wa vijiji vingi, na mgonjwa mmoja hufuatwa na mama, shangazi, na kaka aliyetumwa kuleta nguo. Hao wanahitaji chai ya asubuhi, uji wa mgonjwa, ndizi za kuchemsha, sabuni, vocha ya simu, na wakati mwingine mahali salama pa kulaza kichwa. Hawana msimu, na korona haikuwazuia kuumwa. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuanza na shilingi 50,000 aanzie kwao: chupa mbili za chai, maandazi ya moto, na loshoro iliyopikwa kwa maziwa ya jana. Mtalii akipita ataona watu wanakula, naye atauliza ni nini.

Kuna mambo matatu ya kuchunga, ambayo nimeyaona mwenyewe kwa wanaofanya biashara hii. Kwanza ni malipo ya hoteli. Hoteli nyingi hulipa kwa ankara baada ya siku 30 au zaidi, wakati muuza karoti wa Tengeru anataka fedha yake sokoni Jumatano hiyo hiyo. Kikundi chetu cha marafiki kiliwahi kupeleka mboga kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja, tukafuata malipo hadi nauli ikazidi faida. Anayepeleka mzigo aandikiane kwanza, awe na namba ya mlipa kodi, na asipeleke mzigo wa tatu kabla ya wa kwanza kulipwa.

Jambo la pili ni leseni ya utalii. Kuongoza watalii kwa malipo kunasimamiwa na wizara, na anayejifanya kiongozi wa wageni bila karatasi anaweza kupoteza siku nzima kituo cha polisi. Kikundi kikisajiliwa pamoja gharama hupungua kwa kila mmoja.

La tatu ni watoto. Watoto wa shule na watoto waliofiwa na wazazi si kivutio cha kuonyesha watu wenye kamera. Mgeni anayetaka kusaidia aelekezwe kwa uongozi unaohusika, na njia ya matembezi ipite kwingine. Heshima hiyo haina bei, na makampuni makini ya utalii huiuliza mapema.

Kwa anayetaka kujaribu msimu ujao, ushauri wa vitendo ni mdogo. Chagueni nyumba nne zilizo kwenye njia moja: moja ya kahawa, moja ya ng'ombe na jibini, moja ya nyuki, na moja ya chakula. Pimeni njia kwa saa. Isizidi saa tatu pamoja na chakula, kwa sababu dereva ana ratiba ya kwenda uwanja wa ndege. Tuseme wageni wanne wanalipa 20,000 kila mmoja, jumla 80,000: mwongozaji 20,000, chakula 25,000, mfuko wa kijiji 10,000, na nyumba zile nyingine tatu wagawane 25,000 iliyobaki. Andikeni mgawo huo kwenye daftari mbele ya wote kabla mgeni wa kwanza hajafika. Choo kiwe safi kuliko sebule.

Kisha shukeni mkaongee na madereva. Wengi wao hunywa chai Usa River na Tengeru wakisubiri abiria, na ndio wanaoulizwa na mgeni saa saba mchana, "Tuna muda mpaka usiku, tufanye nini?"